Mwili Mzito, Pumzi Fupi: Tiba ya Viungo kwa Wagonjwa Mahututi Wenye Unene wa Kupita Kiasi

Mgeni afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza hustaajabia mawe. Majabali yamepandana juu ya vilima kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na nyumba za watu zimejengwa katikati yake. Ndivyo ilivyo Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, si mbali na Ziwa Viktoria. Kizazi kimoja kilichopita, mtu aliyeishi pembezoni mwa mji kama huko alitembea kwa miguu kwenda shambani, kisimani na sokoni, na kila safari ilikuwa na mlima wake. Leo bodaboda au bajaji humfikisha mlangoni, maji yamo bombani, na kazi za wengi ni za kukaa kitini. Chakula, hasa cha wanga, mafuta na sukari, kimekuwa rahisi kupatikana kuliko zamani.

Mabadiliko haya yameacha alama katika miili yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake 22 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta idadi hiyo imefika 28 katika kila 100, na 10 miongoni mwao walikuwa na unene wa kupita kiasi. Magonjwa yatokanayo na unene, kama vile kisukari na shinikizo la damu, yamekwisha kuzungumzwa mara nyingi. Katika makala haya tutatazama jambo lisilozungumzwa sana: mtu mnene anapougua hata kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mwili wake hupatwa na nini, na mtaalamu wa tiba ya viungo, ambayo wengine huiita fiziotherapia, anaweza kumsaidiaje?

Ili tufuatane vizuri, tuchukue mfano wa mama mmoja wa kubuni, mkazi wa Kiseke. Ana umri wa miaka 48, urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 115. Ameshikwa na homa kali ya mapafu. Amepelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyojengwa juu ya kilima na kufunguliwa mwaka 1971, ambayo huhudumia Kanda yote ya Ziwa. Pumzi imemzidi. Amewekewa mpira kooni na sasa anapumuliwa na mashine. Siku ya pili mdogo wake anapoingia kumwona, anamkuta muuguzi na mtaalamu wa viungo wanajiandaa kumgeuza na kumkunja magoti. Anawasihi: “Jamani, dada yangu mgonjwa. Mwacheni apumzike!”

Ombi hilo limetoka moyoni. Je, ni sahihi?

MAPAFU HAYANENEPI

Kwanza tupime unene wenyewe. Njia inayotumiwa na wengi ilibuniwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet: gawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi kiasi. Likiwa 30 au zaidi, huo ni unene wa kupita kiasi. Likifika 40, ni unene wa daraja la juu kabisa. Kwa mama yetu, 115 gawanya kwa 1.60 mara 1.60 ni takriban 45.

Sasa tutazame kifuani. Mtu anapotoa pumzi kwa utulivu, mapafu hayabaki matupu. Hubaki na akiba ya hewa, na akiba hiyo ndiyo inayoendelea kuipatia damu oksijeni kati ya pumzi moja na nyingine. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia. Kikipanda, hewa hutoka. Kwa mtu mnene, mafuta ya tumboni hukisukuma kiwambo juu na mafuta ya kifuani huzilemea mbavu. Akiba ya hewa hupungua. Akilalia mgongo, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu uzito wote wa tumbo sasa unakielemea kiwambo. Vifuko vidogo vya hewa vilivyo nyuma na chini ya mapafu hunywea kama puto lililofunguliwa mdomo. Damu inaendelea kupita hapo, lakini haikuti hewa.

Madaktari wa usingizi wamejua jambo hili kwa muda mrefu. Mtu mwenye mwili wa wastani akivutishwa oksijeni tupu kisha akaacha kupumua, oksijeni katika damu yake hukaa takriban dakika 8 kabla ya kushuka kufikia hali ya hatari. Kwa mtu mwenye unene mkubwa muda huo ni kama dakika 3 au pungufu. Akiba ni ndogo, na mwili wenye matumizi makubwa huimaliza haraka.

Kwa wakazi wa Mwanza kuna jambo jingine la kuzingatia. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa karibu moja ya nane kuliko Dar es Salaam au Tanga. Mtu mzima wa afya haoni tofauti, lakini mgonjwa ambaye akiba yake imekwisha hata upungufu mdogo ni mzigo kwake.

Hapa pana funzo la hesabu ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulifuata. Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa Marekani ulithibitisha kwamba mapafu yaliyoumia yasijazwe hewa nyingi na mashine. Kipimo kinachofaa ni takriban mililita 6 kwa kila kilo ya uzito. Lakini uzito upi? Si ule wa kwenye mizani, bali uzito unaokadiriwa kutokana na urefu. Kwa mwanamke kanuni ni hii: toa 152.4 katika urefu kwa sentimita, zidisha kwa 0.91, kisha ongeza 45.5. Mama yetu mwenye sentimita 160 anapata kilo 52.4, na pumzi moja ya mashine ni kama mililita 314. Mtu akikosea akatumia kilo 115, atampa mililita 690, zaidi ya mara mbili, na kuyapasua mapafu anayotaka kuyaponya. Mwili huongezeka mafuta, lakini mapafu hubaki yaleyale aliyokua nayo. Mapafu hayanenepi.

KITANDA KINA GHARAMA YAKE

Kwa karne nyingi binadamu aliamini kwamba kulala kitandani ni dawa ya kila ugonjwa. Imani hiyo ilianza kutikiswa katika miaka ya 1940. Mmoja wa walioitilia shaka hadharani ni daktari Richard Asher wa London, ambaye mwaka 1947 aliandika makala ya kuwaonya madaktari wenzake juu ya hatari za kumlaza mgonjwa bila sababu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1952, ugonjwa wa polio uliushambulia mji wa Copenhagen nchini Denmark. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mkono kwa kutumia mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana wakiuminya mfuko huo, na vifo vikapungua sana. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa wazo la kuwakusanya wagonjwa mahututi mahali pamoja, chini ya macho ya wauguzi saa zote. Lakini mafanikio hayo yalileta swali jipya. Mtu aliyekuwa akifa kwa siku mbili sasa aliishi kwa majuma mengi, akiwa amelala tu. Je, kulala huko kulimfanya nini?

Jibu la kwanza limo katika misuli. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapima wagonjwa mahututi 63 na kukuta kwamba msuli wa mbele ya paja ulipungua karibu asilimia 18 kwa siku 10 tu. Mtu mnene hana kinga. Kinyume chake, upungufu wake huweza kufichika, kwa kuwa mguu hubaki mkubwa kwa macho ilhali nyama iliyo ndani inayeyuka. Mtu huyo atakapotakiwa kusimama, misuli dhaifu italazimika kuinua mwili uleule wa kilo mia na zaidi.

Jibu la pili limo katika damu. Tangu karne ya 19 Mjerumani Rudolf Virchow alikwisha kuonyesha uhusiano kati ya donge la damu katika mishipa ya miguu na lile linalokutwa katika mapafu. Damu isiyosukumwa na misuli ya miguu hutuama, na damu iliyotuama huganda. Donge likikatika na kufika mapafuni, laweza kuua ghafla. Unene wenyewe huongeza hatari hiyo.

Jibu la tatu limo katika ngozi. Kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Kisigino kikibeba kani ya nyutoni 20 juu ya eneo la sentimita mraba 20, kanieneo yake ni kilopaskali 10. Damu katika mishipa midogo kabisa ya ngozi husukumwa kwa kilopaskali 4 hivi. Basi mahali hapo damu haipiti. Zikipita saa nyingi ngozi hufa na kidonda cha malazi huanza. Kwa mtu mnene huongezeka hatari ya mikunjo ya ngozi, ambamo joto na jasho hujificha, na mipira ya dripu na ya mkojo hubanwa bila kuonekana.

Kwa hiyo mdogo wa mgonjwa wetu alikuwa na huruma, lakini huruma yake ilihitaji elimu. Dada yake anahitaji usingizi, ndiyo. Kuachwa chali bila kuguswa kutamdhuru.

KAZI YA MTAALAMU WA VIUNGO

Watu wengi hudhani kwamba tiba ya viungo ni ya wachezaji mpira na waliovunjika mifupa. Katika chumba cha mahututi kazi hiyo huanza kifuani na huishia miguuni.

Jambo la kwanza ni mlalo. Kumwinua mgonjwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45 hupunguza mzigo wa tumbo juu ya kiwambo. Lakini kwa mtu mwenye tumbo kubwa pana ujanja wake. Ukimkunja sana kiunoni, mapaja na tumbo hukutana, na tumbo hilo husukumwa tena kuelekea kifuani. Ndiyo sababu mara nyingi ni bora kukiinamisha kitanda chote, kichwa juu na miguu chini, mwili ukiwa umenyooka. Tumbo hushuka kwa uzito wake lenyewe, na kiwambo hupata nafasi. Hii ni tiba isiyo na dawa wala umeme, nayo hufanya kazi kwa nguvu ya mvutano wa dunia.

Wagonjwa wengine ambao mapafu yao yameumia vibaya hulazwa kifudifudi. Utafiti uliotolewa mwaka 2013, hasa kutoka Ufaransa, uliwahusisha wagonjwa 466 wa namna hiyo. Kati ya waliolazwa chali, karibu 33 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliolazwa kifudifudi kwa saa nyingi, walikuwa 16. Unene haumzuii mtu kulazwa hivyo, ila unadai watu wengi zaidi, mito ya kutosha chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining’inie huru, na uangalifu mkubwa wa mipira.

Jambo la pili ni makohozi. Mgonjwa aliyewekewa mpira kooni hawezi kukohoa kwa nguvu. Mtaalamu humgeuza ubavu ili sehemu yenye makohozi iwe juu, huweka mikono kifuani na kuisukuma na kuitikisa wakati wa kutoa pumzi, kisha makohozi hufyonzwa kwa mpira mwembamba. Mpira ukishaondolewa, humfundisha kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia kidogo, kisha kukohoa akiwa amekumbatia mto.

Jambo la tatu ni viungo vyenyewe. Mgonjwa aliyelala fofofo kwa dawa hukunjwa na kunyoshwa vifundo, magoti, nyonga, mabega na vidole, ili visikakamae. Akianza kuamka huombwa afanye mwenyewe: kukanyaga na kuinua nyayo, kuminya kitambaa, kuinua mkono. Nguvu zake hupimwa kwa alama 0 hadi 5 katika makundi 12 ya misuli, sita kila upande wa mwili. Jumla kamili ni 60. Anayepata chini ya 48 huhesabiwa kuwa amepatwa na udhaifu wa chumba cha mahututi.

Kisha huja ngazi ya kupanda: kukaa kitandani akiegemea, kukaa ukingoni miguu ikigusa sakafu, kusimama, kuhamia kitini, kupiga hatua mbili tatu. Kwa mgonjwa wa kilo 60 ngazi hiyo huchukua siku chache. Kwa mgonjwa wa kilo 115 kila kidato huhitaji maandalizi. Kabla ya kumwinua, wataalamu hutazama mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiasi cha oksijeni. Kwa kawaida oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, mapigo yakienda mbio kupita kiasi au mgonjwa akionyesha dhiki, zoezi husimama. Kusimamisha zoezi si kushindwa. Ni sehemu ya tiba.

FIZIKIA YA SHUKA

Kwa kuwa gazeti hili husomwa na walimu wa fizikia, tuone hesabu ya kumsogeza mama yetu aliyeteleza kuelekea miguuni mwa kitanda. Uzito wake, tukichukua kani ya mvutano kuwa nyutoni 10 kwa kilo, ni nyutoni 1,150. Tuchukulie kwamba msuguano kati ya mwili na shuka ya kawaida ni nusu ya uzito. Kumvuta kutahitaji nyutoni 575, karibu sawa na kunyanyua ndoo tatu za maji za lita 20. Sasa tuweke chini yake shuka laini itelezayo, na tuchukulie kwamba msuguano umeshuka kuwa moja ya tano ya uzito. Kani inayohitajika ni nyutoni 230, kama ndoo moja na kidogo. Wakivuta watu wanne kwa pamoja, kila mmoja anavuta nyutoni 58 tu.

Mguu mmoja wa binadamu ni takriban moja ya sita ya uzito wake. Mguu wa mama huyu una kilo 19, karibu ndoo nzima ya maji. Muuguzi akiunyanyua peke yake, mikono imenyooka mbele na mgongo umeinama, hufanya mgongo wake kuwa wenzo mbaya: mzigo uko mbali na egemeo, na misuli ya kiuno iko karibu nalo. Hivyo ndivyo migongo ya wauguzi inavyoharibika. Kanuni ni kukisogelea kitanda, kukiinua hadi usawa wa kiuno, kukunja magoti, na kusema kwa sauti “moja, mbili, tatu” ili wote wavute pamoja. Palipo na winchi ya kuinulia wagonjwa, itumike. Lakini isomwe kwanza imeandikwa inabeba kilo ngapi. Vivyo hivyo kitanda, kiti na kigari. Kiti kisicho imara humwangusha mgonjwa, na pamoja naye huanguka ujasiri wake wote.

UTAFITI UNASEMAJE?

Mwaka 2009 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 104 katika hospitali mbili za Marekani, Chicago na Iowa, waliokuwa wakipumuliwa na mashine. Nusu yao walianza mazoezi mapema sana, kila siku wakati dawa za usingizi zilipositishwa kwa muda. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida ya wakati huo. Walipoondoka hospitali, 59 katika kila 100 wa kundi la kwanza waliweza kujihudumia wenyewe, yaani kuoga, kuvaa, kula na kutembea. Katika kundi la pili walikuwa 35. Siku za kuweweseka nazo zilipungua kutoka 4 hadi 2.

Je, basi zoezi likizidi ndivyo faida inavyozidi? Sayansi haikuruhusu tukimbilie jibu hilo. Mwaka 2022 ulitangazwa utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 750 kutoka nchi kadhaa. Kundi moja lilifanyishwa mazoezi kwa wastani wa dakika 21 kwa siku, na jingine dakika 9. Baada ya siku 180 makundi hayo hayakutofautiana kwa siku ambazo mtu alikuwa hai na nje ya hospitali. Tena, matukio mabaya, kama vile mapigo ya moyo kuvurugika na oksijeni kushuka, yalikuwa 9 katika kila 100 kwa waliozidishiwa, na 4 kwa wengine.

Wanafunzi na walisome vizuri jambo hili. Utafiti wa pili haukusema kwamba mgonjwa aachwe amelala, kwa maana makundi yote mawili yalifanya mazoezi. Ulisema kwamba pana kiasi, kama ilivyo kwa dawa yoyote. Mtaalamu mzuri humpa mgonjwa kipimo anachokimudu, akimtazama yeye wala si saa ya ukutani.

Lipo pia jambo lililowashangaza wengi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba, kwa jumla, wagonjwa wanene waliolazwa mahututi hawafi zaidi ya wenzao. Katika baadhi ya tafiti walikufa wachache zaidi. Sababu bado zinajadiliwa, na ugonjwa wa UVIKO-19 ulitukumbusha kwamba kuna maradhi ambayo unene huyaongezea ukali. Hata hivyo hapana hoja ya kitabibu ya kumkatia tamaa mtu kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake.

HESHIMA KABLA YA MIZANI

Katika jamii yetu unene una nyuso mbili. Mtu akinenepa baada ya kuoa au kupata kazi, watu husema maisha yamemkubali. Akiugua, watu walewale humnong’ona. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine anaweza kusikia zaidi ya tunavyodhani, na maneno ya mzaha juu ya uzito wake, yakisemwa na wanaomgeuza, ni jeraha jingine. Anayeona haya hatakubali kukaa kitini mbele ya wengine, na asiyekaa hataweza kusimama. Shuka la kumsitiri, salamu kabla ya kumgusa, na maelezo mafupi ya kinachotaka kufanyika, ni sehemu ya tiba kama vile oksijeni.

Unene wenyewe hauna chanzo kimoja. Upo urithi, yapo maradhi ya tezi, zipo dawa zinenepeshazo, na ipo mitaa isiyo na njia ya kutembea kwa usalama. Wakati wa mtu kupungua mwili utakuja, taratibu, akisharudi nyumbani. Katika chumba cha mahututi kazi ni kumrudisha nyumbani.

Nchini mwetu wataalamu wa fani hii bado ni wachache. Chuo kilichopo katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kimewafundisha wengi kwa miongo kadhaa, nao wametawanyika katika hospitali za mikoa na rufaa. Kijana apendaye biolojia na fizikia pamoja, na asiyeogopa kushika mwili wa mtu, atapata humo kazi yenye manufaa ya kila siku.

Ndugu wa mgonjwa nao wana nafasi yao, kwa ruhusa na maelekezo ya wauguzi. Wanaweza kumsemesha kwa jina, kumwambia ni siku gani, kumkunja na kumnyosha vidole kama walivyoonyeshwa, na kumhimiza akanyage na kuinua nyayo. Wasimvute wala kumwinua peke yao, na wasiguse mipira.

Turudi kwa mama yetu. Siku ya saba mpira umeondolewa. Siku ya tisa watu wanne wamemketisha ukingoni mwa kitanda kwa dakika tano, na nyayo zake zimegusa sakafu. Jasho linamtoka kana kwamba amepanda vilima vyote vya Kiseke. Mdogo wake, aliyeomba aachwe apumzike, sasa amesimama mbele yake, amenyosha mikono yote miwili, anamwambia: “Pole dada. Kaza hapohapo, kidogo tu.” Njia ya kurudi nyumbani bado ni ndefu, nayo ina mlima. Lakini imeanza.

JARIBIO NA MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Lala chali juu ya mkeka. Mwenzako ahesabu pumzi zako kwa dakika moja. Kisha weka juu ya tumbo vitabu vya uzito wa kilo 2 au 3, na uhesabu tena. Rudia ukiwa umeketi, umeegemea ukuta, umevishika vitabu mapajani. Umeona tofauti gani? (Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asifanye jaribio hili.)

2. Mwanamke ana urefu wa sentimita 165 na uzito wa kilo 98. Tafuta uwiano wake kwa njia ya Quetelet, na ujazo wa pumzi moja ya mashine unaomfaa.

3. Kwa nini kukiinamisha kitanda chote huweza kumfaa mgonjwa mnene kuliko kumkunja kiunoni? Chora mchoro kuonyesha tumbo, kiwambo na mapafu katika milalo yote miwili.

4. Mgonjwa wa kilo 130 anavutwa na watu watano juu ya shuka ambayo msuguano wake ni moja ya tano ya uzito. Kila mtu anavuta kwa kani kiasi gani?